Staa Wetu, Mwache Kijana wa Kamera: Video Nzima, Mbovu ni Kompyuta Yako

Leo sina habari ya nani kaachana na nani. Zipo, tena mbili za moto, zitakuja. Leo nina hasira, na naomba mnivumilie mpaka mwisho kwa sababu kuna mtoto wa watu anaharibiwa jina hapa mjini na sisi tumekaa tunabonyeza vichekesho.

Ile posti wengi mmeiona. Hatutaji jina, anajijua, na ninyi mnamjua. Alirusha klipu ya kompyuta yake ikicheza video ya harusi ya mdogo wake. Muziki unasikika, vigelegele vinasikika, MC anasikika mpaka pumzi zake. Picha sasa: nyeusi tii. Chini yake akaandika kwamba kapigwa, kauziwa takataka, akamtaja kijana aliyeshuti kwa akaunti yake ya kazi. Wafuasi wakashuka kama mvua ya masika. "Tapeli huyo." "Rudisha hela ya watu." Ndani ya siku tatu kijana kakosa harusi mbili alizokuwa ameshalipwa advansi. Wateja hawakumficha, walimwambia tumekuona kwa fulani, turudishie chetu.

Sasa mimi faili nimeliona. Kijana alinitumia kipande, nikakifungua kwenye simu, kikacheza mwanzo mwisho: bibi harusi analia, shangazi yuko katikati ya ukumbi anajimwaga, rangi zimetulia, kazi safi kabisa. Nikakifungua kwenye kompyuta kwa VLC, kikacheza. Niambieni ni takataka gani hiyo inayocheza kila mahali isipokuwa kwa mtu mmoja?

Jibu lilikuwepo kwenye stori zake mwenyewe, ila hakuna aliyeunganisha. Siku chache kabla ya posti alituonyesha kompyuta imerudi kutoka kwa fundi, eti "imepandishwa" kwenda mfumo mpya. Kesho yake akalalamika kwamba picha zake za zamani hazionekani. Jamani! Mashine iliyopandishwa vizuri haipotezi picha. Hiyo haikupandishwa, hiyo ilifutwa ikapigwa Windows upya kwa flashi ya fundi. Ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyomla kijana.

Niwaeleze taratibu, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Video haikai kwenye faili kama ilivyo, ingejaza kila kitu. Kamera inaibana, na kompyuta inapoicheza inaifungua. Kile kinachobana na kufungua ndicho kinaitwa kodeki. Kwa miaka mingi tulitumia H.264, inafunguka karibu kila mahali. Mwaka 2013 ikapitishwa H.265, wengine wanaiita HEVC, ambayo kwa ubora uleule faili linaweza kuwa karibu nusu ya ukubwa. Ndiyo maana wapiga video wa 4K wanaipenda. Na usidhani ni mambo ya makamera makubwa tu: iPhone kuanzia iPhone 7, toka iOS 11 ilipotoka 2017, inarekodi kwa HEVC yenyewe bila kukuuliza.

Tatizo ni kwamba HEVC ina wenyewe. Hataza zake wanazo makampuni mengi, na anayetaka kuiweka kwenye bidhaa yake analipia. Kwa hiyo Microsoft wameiweka pembeni, wanaiuza kwenye duka lao kama nyongeza kwa dola 0.99. Ila kompyuta nyingi zinatoka kiwandani tayari zina nyongeza hiyo, mtengenezaji kashalipa. Unaitumia miaka mitatu hujui hata ipo. Siku fundi anafuta kila kitu na kupiga Windows yake, ile ya kiwandani inaondoka na vumbi. Sauti inabaki kwa sababu kodeki ya sauti ni nyingine, Windows inaijua. Picha inakufa.

Na cha kuudhi, mashine huwa inasema. Inatoa kidirisha kwamba ili kuona video hii unahitaji kodeki. Rudini kwenye klipu ya staa, sekunde za mwanzo kabisa. Kidirisha kinatokea, mshale unakwenda, unakifunga. Yaani kompyuta imemwambia ugonjwa wake, akaifunga mdomo, kisha akaingia Instagram kumtangazia kijana wizi mbele ya watu wote wale. Dada yetu, kusoma mstari mmoja kungekuchukua muda gani?

Lakini siwezi kumpiga yeye peke yake, atakuwa amebebeshwa mzigo wa wakubwa. Hii tabia ya kukupandisha mfumo huku wanakunyofoa kitu ulichokuwa nacho haikuanza leo. Mwaka 2012 ilipotoka Windows 8, uwezo wa kucheza DVD ukaondolewa kwenye mfumo wa kawaida. Ilipofika Windows 10 mwaka 2015, Media Center nayo ikazikwa, na ukitaka kucheza DVD kwa programu yao wakawa wanaiuza dola 14.99. Wa Mac msicheke. Mwaka 2019 macOS Catalina ilikata programu zote za biti 32, QuickTime 7 ikafa palepale, na watu wenye video zilizobanwa kwa kodeki za zamani wakaamka hazifunguki.

Watasema hataza ni ghali. Sawa, naelewa, sijasema watoe bure cha mtu mwingine. Ninachowauliza ni kwa nini ile skrini ya kupandisha mfumo, yenye maneno matamu ya kasi na usalama, haina mstari mmoja unaosema "baada ya hapa video zako fulani zinaweza zisicheze, na dawa ni hii." Wanajua. Wanakuacha ugundue siku ya kuonyesha harusi kwa wazazi. Na hiyo dola moja kasoro, chini ya elfu tatu zetu, wanataka kadi. Wengi wetu hela iko kwenye simu.

Halafu wametufikisha hapa kwa lazima. Windows 10 ilisitishiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ndiyo maana toka hapo kila mtu anahangaika kupandisha. Na anayehangaika anakwenda wapi? Kwa fundi. Hapo sasa.

Mafundi, wapo wazuri, nawaheshimu. Ila kuna kundi ambalo kila ugonjwa dawa yake ni moja: futa. Video haichezi? Futa. Inakatakata? Futa. Sauti hamna? Futa, elfu thelathini, uje jioni. Mteja anatoka na mashine safi haina picha za mtoto wake wala tasnifu yake, na video bado haichezi, kwa sababu umeondoa hata kile kidogo kilichokuwa kinasaidia. Halafu unamwambia "mashine imechoka, nina nyingine hapa."

Mimi si fundi, lakini kwa anayesikiliza, mambo yenyewe hayahitaji uchawi.

Cha kwanza kabisa, kabla hujamlaumu aliyekutumia video, ifungue kwa VLC. Ni ya bure, ilianza kama mradi wa wanafunzi Ufaransa mwaka 1996, leo iko chini ya shirika lisilo la faida la VideoLAN, na imebeba kodeki zake tumboni, haiombi za Windows. Ikicheza kwa VLC, faili ni zima, kosa ni la mfumo wako, kesi imekwisha. Ichukue kwenye tovuti ya wenyewe. Ukiona tovuti ya muvi inakwambia "pakua kodeki hii ili uendelee kutazama", kimbia. Huo ni mtego wa toka miaka ya 2000, kulikuwa na kirusi kinaitwa Zlob kilichoishi kwa kujifanya kodeki, na watoto wake hawajaisha.

Kama picha ipo lakini inakatakata, inageuka kijani au skrini inapepesa, hiyo mara nyingi si kodeki, ni draiva ya grafiki. Fungua Device Manager, angalia sehemu ya skrini. Ukikuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, maana yake mashine inatumia draiva ya dharura, kila kitu kinabebwa na prosesa, na prosesa ya zamani haiwezi 4K hata uiombee. Nenda tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, chukua draiva ya modeli yako. Bure. Kama inakatakata kwenye brauza tu, ingia setingi za Chrome, sehemu ya mfumo, zima ile ya kutumia grafiki kuongeza kasi, ifungue upya uone. Ikiwa ilikuwa imezimwa, iwashe. Nusu ya malalamiko ya YouTube baada ya kupandisha yanaishia hapo.

Sauti imepotea? Kabla ya kulia, bonyeza alama ya spika uone sauti inakwenda wapi. Baada ya kupandisha mfumo hupenda kuipeleka kwenye TV au spika ya bluetooth ambayo hata haijawashwa. Kuna mtu mmoja mtangazaji alinunua spika mpya kabisa. Simtaji.

Na hii wengi hawaijui: kuna Windows zina herufi N mwishoni mwa jina. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliipiga Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuilazimisha kuuza Windows isiyo na programu ya kuchezea video. Hizo N zilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu na kesi zao, lakini flashi za mitaani hazijui mipaka. Fundi akikupigia N bila kusoma, video zitagoma, na baadhi ya programu za kamera nazo zitasumbua. Dawa ni kuongeza kifurushi kinaitwa Media Feature Pack, kipo kwenye setingi, sehemu ya vipengele vya hiari. Angalia jina la Windows yako sasa hivi, nakusubiri.

Kubwa kuliko yote, kama mfumo ulipandishwa kweli, si kufutwa, Windows inakupa siku 10 za kurudi ulikotoka, kwenye setingi, sehemu ya urejeshaji. Mafaili yako yanabaki. Siku 10 tu. Fundi akifuta anaiua nafasi hiyo, na wengi hawakwambii kwamba ilikuwepo.

Wa simu, kwenu kwa ufupi. Ukiona Netflix imekuwa na ukungu baada ya kuchezea mfumo wa Android, hasa kama ulifungua kufuli la simu ili uweke mfumo wa kienyeji, huenda simu imeshushwa daraja la ulinzi wa Widevine kutoka L1 kwenda L3, na L3 haipewi picha ya HD. Bando lako halina kosa. Mfuate aliyekufungulia.

Sasa na wewe kijana wa kamera, nimekutetea lakini nikwambie. Mteja hajui H.265 ni nini na si kazi yake kujua. Mpe nakala mbili kwenye flashi: ya 4K ya kutunza, na ya H.264 ya kutazama popote. HandBrake inakugeuzia bure usiku umelala. Wa iPhone, ingia setingi za kamera, kwenye fomati chagua Most Compatible kama unamrekodia mtu mwenye mashine ya zamani. Faili litanenepa, lakini hutaitwa mwizi.

Najua watakaokuja kwenye komenti: "admin umehongwa na kijana." Sijahongwa hata soda. Wengine mtasema staa ana haki ya kulalamika kwa hela yake. Anayo. Haki hiyo inaanza na simu moja kwa aliyeshuti: "mdogo wangu, picha siioni, nifanyeje?" Angejibiwa kwa dakika mbili. Kaenda moja kwa moja kwa umma kwa sababu umma unaleta lika, na simu ya faragha haileti kitu. Posti bado ipo, na hata baada ya watu wawili watatu kumwambia ajaribu VLC, kilichofanyika ni kufunga komenti.

Na kwa mafundi mtakaokasirika: mteja wa kwanza atakayekuja kesho na video nyeusi, mfungulie kwa VLC mbele yake, umwonyeshe Windows yake ni toleo gani, umuulize amepandisha lini. Halafu mtajie bei yako. Atakayeweza kufanya hivyo aniandikie mtaa alipo, nitamtangaza hapa bure na picha yake nitaweka.