Utoto Wetu Wauzwa kwa Bei ya Watu Wazima

Juma lililopita nilikuwa Samburu. Simaanishi ile ya wafugaji wa kaskazini, bali Samburu yetu ya Kwale, iliyoko kando ya barabara kuu ukishaipita Mariakani na kabla hujafika Taru. Nilikwenda kumzuru dada yangu aliyeolewa huko. Mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ni mtu mzima wa miaka 36 mwenye mke na watoto, ana kiduka cha kutuma pesa na kuchaji simu karibu na pale yanapoegeshwa malori. Tulipokwisha kuswali adhuhuri nikaketi naye kibarazani, jua la Samburu likitupima subira na vumbi la malori likituzuru bila ya kubisha hodi.

Mpwa wangu huyu ni mpenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani. Alizipenda tangu utotoni, alipokuwa akikimbilia kwa jirani mwenye televisheni, na mapenzi hayo hayakukatika alipoota ndevu. Siku hiyo akanipa simu yake akasema, "Mjomba, hebu watazame hawa." Lilikuwa tangazo la biashara. Saa ya mkono yenye uso wa shujaa wa katuni, shati la kazini lenye alama ya shujaa huyo huyo, na mwanasesere wa plastiki wa kuwekwa juu ya meza ya ofisi. Chini yake pameandikwa kwamba bidhaa hizo ni za "mashabiki waliokomaa".

Nikamwuliza, "Basi si vizuri? Wamekukumbuka."

Akacheka kicheko kisichokuwa na furaha. "Wamekumbuka mfuko wangu, mjomba. Nilipokuwa mtoto sina senti hawakunijua. Leo wanajua nilichokipenda nikiwa na miaka kumi kuliko anavyojua mke wangu."

Maneno hayo yalinikaa kifuani njia nzima ya kurudi Mombasa. Na tangu hapo nimeulizia kwa vijana wengine, hapa na kwa jamaa zetu walioko Ghuba, nikakuta malalamiko ni yale yale. Makampuni yanajitahidi kuwauzia katuni watu wazima, na watu wazima hao, ambao ndio wapenzi wenyewe, hawayaamini. Ni jambo la ajabu, maana desturi ya mnunuzi ni kufurahi anapoandaliwa. Kwa nini huyu ananuna?

Kwanza tuwatendee haki wafanya biashara. Anime haikuwa takatifu hata siku moja. Katuni ya Astro Boy ilipoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani tarehe 1 Januari 1963, mtunzi wake Osamu Tezuka aliuza vipindi vile kwa bei isiyotosha hata gharama ya kuvitengeneza. Pengo lilizibwa na biashara ya kando, na watoto wa Kijapani wakanunua peremende za chokoleti ili wapate vibandiko vya picha za shujaa wao. Kwa hivyo anayesema kwamba zamani palikuwa na sanaa tupu na leo pana tamaa tupu, huyo hajui historia. Duka na hadithi vilizaliwa pacha.

Lakini mteja wa siku zile alikuwa mtoto. Aliyewafundisha Wajapani kwamba yuko mteja mwingine ni Gundam, katuni ya mwaka 1979. Ilitarajiwa iuze midoli ya watoto. Midoli ikadoda, na vipindi vilivyopangwa kuwa 52 vikakatwa vikawa 43. Kumbe waliokuwa wakiitazama kwa makini ni vijana wakubwa, waliovutiwa na habari za vita na huzuni zake. Kampuni ya Bandai ilipotoa mwaka 1980 vipande vya plastiki vya kuunganisha, ambavyo vinataka mkono na akili ya mtu mkubwa, vikauzika kwa wingi mno. Tangu siku hiyo wenye maduka walijua kwamba kuna pesa juu ya kichwa cha mtoto.

Leo hawana hiari. Mwaka 2025 serikali ya Japani ilitangaza kwamba idadi ya watoto walio chini ya miaka 15 imepungua kwa mwaka wa 44 mfululizo. Nchi isiyozaa watoto haiwezi kutegemea wanunuzi watoto. Na wale waliokuwa watoto hawakwenda kokote. Katuni ya One Piece ilianza kuonyeshwa katika televisheni mwaka 1999 na mpaka leo haijafika mwisho. Aliyeianza akiwa na miaka kumi, leo ana miaka ya mpwa wangu, na analipa kodi ya nyumba.

Basi malalamiko ni yapi? Nimeyasikia mengi, lakini yakichujwa hubaki matatu.

La kwanza ni kwamba wanauziwa tena kile walichokwisha kuwa nacho. Badala ya hadithi mpya iliyokua pamoja nao, hupewa ile ya zamani iliyopakwa rangi upya. Mtu anapolalamika kuwa nafsi ya kisa imepotea, huambiwa azitazame rangi zinavyong'aa.

La pili ni kwamba neno "watu wazima" limegeuzwa maana. Utu uzima, wazee wetu walivyotufunza, ni kupima mambo na kubeba dhamana. Katika matangazo haya mara nyingi maana yake ni damu zaidi na nguo pungufu. Kijana mmoja wa Msambweni aliniambia, "Mimi nimekua, nataka kisa cha mtu aliyefiwa na baba akabaki na deni. Wao wananiletea mwanamke aliyevuliwa shuka." Nimeshindwa kumjibu.

La tatu ni kwamba unachokinunua huenda kisiwe chako. Mwezi Agosti 1921 mtu akinunua kitabu, wajukuu zake walikisoma. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya Sony ilikamilisha kuinunua Crunchyroll, duka kubwa la kuonyeshea anime kwa njia ya intaneti, kwa dola bilioni 1 na milioni 175. Sony ilikwisha kuwa na duka jingine la namna hiyo, Funimation. Tarehe 2 Aprili 2024 duka hilo la pili likafungwa. Wateja waliokuwa wamenunua diski na kupewa nakala za kutazama humo, nakala walizoahidiwa kuwa ni za milele, wakaambiwa hazitahamishwa. Milele ya mfanya biashara ina tarehe ya mwisho.

Kwa sisi watu wa pwani, mfano ulio karibu zaidi uko ng'ambo ya bahari, kwa jirani zetu Waarabu. Mwaka 1979, Lebanoni ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilionyeshwa huko katuni ya Kijapani iitwayo Grendizer, iliyotiwa sauti za Kiarabu fasihi, na wimbo wake ukaimbwa na Sammy Clark. Ikaenea nchi nyingi za Kiarabu. Ilikuwa habari ya mkimbizi aliyepoteza nchi yake na sasa anailinda nchi ya wenyeji waliompokea. Huhitaji mfasiri kukwambia kwa nini watoto wa Beirut na wa kambi za Wapalestina waliipenda.

Watoto wale sasa wana mvi. Mwaka 2022 Riyadh ikamsimamisha Grendizer katika uwanja wa starehe, sanamu la chuma lenye kimo cha zaidi ya mita 33. Mwezi Julai 2024 ikatoka katuni mpya, Grendizer U, na kampuni ya Manga Productions ya Saudia ikiwa na mkono wake ndani. Mwezi Machi mwaka huo huo lilikwisha tangazwa shamba la michezo la Dragon Ball litakalojengwa Qiddiya, karibu na Riyadh. Mashabiki wa zamani wakagawanyika. Wengine walitokwa na machozi ya furaha kwa kumwona tena rafiki yao wa utotoni. Wengine walinung'unika kwamba rafiki huyo karudi na sura ngeni, na kwamba aliyemleta ni karani wa masoko. Jamaa yangu mmoja aliyeko Maskati alinena kwa ufupi: "Sanamu ni refu. Kisa ndicho kimefupika."

Hata hivyo sitasema kuwa fedha ya Ghuba haikuzaa kitu. Kampuni hiyo hiyo pamoja na Toei Animation ya Japani ilitoa mwaka 2021 filamu ya The Journey, iliyoongozwa na Kobun Shizuno, juu ya Abraha na jeshi lake la ndovu kuishukia Makka. Hicho ni kisa ambacho kila aliyepita chuoni amekihifadhi kabla meno ya utoto hayajang'oka. Mtu atakuwa na maneno yake juu ya namna kilivyochorwa, lakini hakuna awezaye kusema kwamba hicho ni kisa kilichopashwa moto tu. Mfano huo waonyesha kwamba kosa haliko katika kumwuzia mtu mzima. Linategemea anauziwa nini.

Nalisema hili kwa kuwa wako watakaodakia, "Mtu wa miaka 36 na katuni wapi na wapi?" Ndugu zangu, tusiwe wasahaulifu. Juha Kalulu wa Edward Gitau alichorwa katika Taifa Leo miaka mingi, na waliokuwa wakimtafuta asubuhi kabla ya kusoma habari za Bunge hawakuwa watoto. Visa vya Abunuwasi tulivisikia kwa babu zetu, na babu ndiye aliyecheka zaidi. Picha na kisa havina umri. Chenye umri ni namna ya kukisimulia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mpwa wangu ana mtoto wa miaka tisa. Simu ya nyumba ni moja. Baba hulipia bando, hutazama usiku, kisha huiweka simu chini. Asubuhi mtoto huichukua, na kile kilichomjua baba humjua mtoto pia. Jioni moja, baba akiwa anahesabu pesa za duka, mtoto alifungua katuni yenye sura ya kitoto kabisa, macho makubwa na nywele za rangi. Haikupita dakika kumi, mambo yakageuka yakawa yasiyotazamika. Baba akamnyang'anya simu na kumkaripia. Mtoto akauliza, "Mbona wewe huitazama?"

"Mjomba," akaniambia, "sikuwa na jibu. Nikamwambia akalale."

Hapo ndipo shaka ya shabiki inapokutana na hofu ya mzazi. Wazazi wengi wa kwetu wakiona mchoro hudhani ni wa watoto, wakageuka kupika. Bodi yetu ya kuainisha filamu ina alama zake, GE, PG, 16 na 18, na mwaka 2017 ilipiga marufuku katuni sita kwa mpigo. Lakini zile zilikuwa katuni za vituo vya televisheni, ambavyo vina ofisi na mlango wa kubishiwa. Simu iliyoko Samburu haina mlango huo. Kampuni inayoandika "waliokomaa" juu ya bidhaa yake imejivua lawama, ikamwachia baba kazi ya kuwa bawabu katika nyumba ambamo yeye ndiye mgeni wa kwanza kualikwa.

Nini la kufanya? Siwezi kumwambia mpwa wangu aache. Katuni hizo zilimlea kwa kiasi fulani; zilimfunza habari za urafiki na kutokata tamaa siku ambazo babake alikuwa mbali barabarani na lori. Nilichomwambia ni hiki: shaka yako ni mali, usiitupe. Usinunue kwa sababu ya kumbukumbu, nunua kwa sababu ya kisa. Na kile unachokitazama na mwanao, mketi pamoja, umsimulie.

Mpwa wangu alilishika hilo la mwisho. Usiku wa pili nikiwa kwao, aliketi mkekani na mwanawe, akachagua katuni ya zamani, ile ile aliyoipenda kwa jirani. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, ambayo mtoto hajayaweza. Basi baba akawa mfasiri. Shujaa wa Kijapani alinena Kiswahili, na adui alipotukana, alitukana kwa Kiduruma cha adabu. Mama na bibi wakasogea. Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mwanasesere wa kuwekwa mezani hakununuliwa. Fedha ile imekwenda kulipa ada ya chuo ya miezi mitatu. Saa, mpwa wangu amekiri, bado anaitamani.

Nami kwa kuwa ni mtu wa mashairi, sikuondoka Samburu bila ya kumwachia ubeti mmoja wa kubandika dukani mwake:

Mwenye duka kaja ndani, utoto kutuuzia,
Ni wetu tangu zamani, vipi leo twalipia?
Mwana yuko mapajani, macho ametukazia,
Tujue twanunuani, kabla kumfungulia.