Mbogi ya Funyula inataka kukanyaga hadi Turkana? Rada ya barabara ni hii

Disemba ikikaribia, wasee wa Funyula huanza story za kutoka mtaani. Sio Port tumeizoea, Kisumu ni ya wikendi tu. Siku hizi form ni kaskazini: hema, sufuria, ndai moja na picha za Ziwa Turkana.

Kwa ramani mambo ni rahisi. Unapita Busia, Malaba, Bungoma, Webuye na Kitale, kisha Kapenguria hadi Lodwar. Toka Funyula alfajiri, maana foleni ya malori ya Malaba inaweza kukula asubuhi yote. Kitale hadi Lodwar pekee ni kama kilomita 300.

Lakini umbali sio noma. Noma ni Kainuk, kwenye mpaka wa Pokot na Turkana. Wizi wa mifugo na mashambulizi ya barabarani yamesumbua hapo miaka mingi. Februari 2023 serikali ilituma KDF kusaidia polisi North Rift, Turkana na West Pokot zikiwemo. Kwa hivyo usiamini video ya mse aliyepita fiti mwezi jana. Uliza polisi na madereva wa matatu pale Kitale siku hiyo hiyo. Wakisema ngoja, ngoja. Usiku usijaribu kabisa.

Pia chagua upande. Lodwar, Kalokol na Eliye Springs ziko magharibi mwa ziwa. Loiyangalani iko mashariki, na njia yake ni ya kupitia Isiolo na Laisamis. Wengi hupanga zote mbili kwa siku 3 halafu wanaishiwa mafuta na doh.

Sasa swali ambalo watu hawaulizi: nani anafaidika? Ukibeba kila kitu kutoka duka la Busia, ulale porini bure na uache chupa za plastiki, mwenyeji anabaki na vumbi lako. Sisi watu wa mpakani tunaijua hiyo. Malori yanapita kwetu mchana na usiku, na vijana wetu bado wanatafuta kazi. Basi lipia kambi, chukua kijana wa hapo akuongoze, nunua samaki Kalokol, na omba ruhusa kabla ya kupiga mzee picha.

Barabara ikiwa na biashara, wenyeji wana sababu ya kuilinda, ingawa kazi ya kuleta usalama ni ya serikali, sio ya mtalii.

Wewe je, ukiambiwa Kainuk kuna moto, ungegeuza ndai ama ungekanyaga?