Mkataba Usiomjua Mama

Sisi tulio katika taaluma ya isimu hupenda kuwakumbusha wanafunzi wetu kwamba sarufi ya Kiswahili haimtengi mwanamume na mwanamke. Daktari ni daktari. Amekuja, ameondoka, awe bwana au bibi. Ni sifa njema ya lugha hii. Katika mkataba wa kazi, hata hivyo, sifa hiyo hiyo huweza kugeuka kitanzi. Husemwa "daktari", na anayewazwa ni mtu asiyeshika mimba, asiyenyonyesha, na mwenye mtu nyumbani wa kumlelea watoto.

Likizo iliyopita, hapa Saboti, nilimkuta nyanya mmoja akimlisha mjukuu wake uji. Mama wa mtoto ni daktari katika hospitali ya umma katika kaunti nyingine. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja. Mumewe ni mwalimu huko Bungoma. Yeye huja nyumbani mara moja kwa mwezi, zamu zikimruhusu. Mtoto humwita nyanya yake "mama", na mama yake humwita kwa jina. Nilipouliza kwa nini binti haombi uhamisho, bibi yule alinitazama kwa mshangao: "Mwalimu, mtu wa mkataba huomba nini?"

Jibu lake lilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Tangu afya ilipogatuliwa mwaka 2013, kila kaunti ni mwajiri wake mwenyewe. Kwa daktari aliye katika ajira ya kudumu, kuhamia kaunti ya mumewe ni jambo la barua nyingi na subira ndefu. Kwa wa mkataba, mara nyingi maana yake ni kuacha kazi na kuanza upya. Walimu wanaosoma safu hii hawahitaji kuelezwa uchungu huo. Wanaukumbuka uhamisho wa mwaka 2018 uliowatenganisha wengi na jamaa zao, na wanawajua wenzao wanagenzi walioajiriwa mwaka 2023 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi.

Itakumbukwa kwamba mwezi Juni 2013 serikali ilitoa ahadi mbili. Tarehe 1 ilitangaza kwamba akina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za umma. Tarehe 27 ilitia saini makubaliano na chama cha madaktari kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Ahadi ya kwanza ilianza mara moja, na wajawazito wakafurika hospitalini. Ya pili ikaachwa bila kusajiliwa. Mwezi Agosti mwaka uo huo, katika hospitali ya Bungoma, mama mmoja alijifungua sakafuni na kutendewa ukatili na wahudumu. Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mwezi Machi 2018. Siutetei ukatili ule hata kidogo. Lakini nani asiyeona kwamba ahadi kwa mama haiwezi kusimama pale ambapo ahadi kwa anayemhudumia imevunjwa? Mgomo uliotokana na makubaliano yale ulianza tarehe 5 Desemba 2016 ukadumu siku 100. Ule wa mwaka 2024, uliochochewa na malipo ya madaktari wanagenzi, ulichukua siku 56. Mimba hazikusubiri.

Watetezi wa hali ilivyo watatuambia kwamba sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Inakataza pia ubaguzi kwa sababu ya mimba. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Lakini asiyehuishiwa mkataba hakufukuzwa. Muda wake umekwisha tu, na hakuna anayelazimika kueleza kwa nini. Ndiyo maana binti mwenye akili huificha mimba yake kwa mwajiri, au huiahirisha mwaka hadi mwaka, akiwazalisha wenzake.

Wala tusidhani kwamba wanaume wamesalimika. Desemba 2020 daktari kijana wa miaka 28, aliyeajiriwa kwa mkataba, alifariki kwa Korona. Chama chake kilisema hakuwa amelipwa kwa miezi kadhaa, wala hakuwa na bima ya afya. Aliacha mke na mtoto mchanga.

Kaunti zitasema hazina fedha. Huenda. Lakini kumwandikia mtu sababu ya kutomhuishia mkataba hakugharimu kitu. Kuwaruhusu mume na mke kubadilishana vituo na wenzao kunahitaji makubaliano baina ya kaunti tu. La ghali ni kumwajiri mtu wa kushika zamu za aliye katika likizo ya uzazi. Bila huyo, likizo ya mmoja huwa adhabu ya wenzake, nao humnunia badala ya kumnunia mwajiri.

Mkataba wa binti yule unakwisha mwishoni mwa mwaka wa fedha, mwezi Juni. Nyanya hajaambiwa kama amnunulie mjukuu sare ya chekechea ya Saboti, au asubiri.