Spana ya Kugongwa na Nati Zilizoshikwa na Kutu

Mvua ikikaribia, wenye plau katika Musoma, Bunda na Butiama huona nati zimeshikwa na kutu, nao hutwaa spana ya kawaida na kuipiga nyundo. Mimi sikubali desturi hii: mdomo wa spana hupanuka, pembe za nati huliwa, na siku za kulimia pamba hupotea. Nati ndogo za plau la ng'ombe zatosha kutiwa mafuta ya taa usiku kucha, kisha spana ya pete. Bali nati kubwa za ekseli ya haro ya trekta zahitaji spana ya kugongwa, yenye mpini mfupi mnene uliofanyizwa kupokea nyundo. Ni ghali, majirani na wachange wanunue moja. Mpigaji avae miwani, maana kibanzi cha chuma hupofusha.