Walimu wa maji waje Goma

Tangu mwaka 1957, chuo cha IHE mjini Delft, Uholanzi, kinafundisha wataalamu wa maji kutoka nchi zinazoendelea. Kazi nzuri. Lakini masomo hayo ni kwa Kiingereza, na mhandisi wa Congo amesoma kwa Kifaransa.

Mwezi Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilikata maji Goma. Watu wakarudi kuchota Ziwa Kivu, na kipindupindu tunakijua. Waliorudisha maji ni mafundi waliolaza bomba juu ya lava ikiwa bado ya moto. Fundi wa namna hiyo, asiye na lisansi, masta ya Delft haimhusu. Wafadhili wanaolipa tiketi za ndege walipe pia walimu waje Goma na Bukavu, wafundishe kwa Kifaransa na Kiswahili, mafundi wa Regideso wakikaa mbele.