Mbwa wa kuokotwa, na ile miaka 14 tunayoruka

Kuna aina ya dokumentari ambayo ukiitazama na familia, hata buda anajifanya ameingiwa na vumbi machoni. Mbwa anaokotwa, anaonewa huruma, muziki unapanda, paap! Ni nyota wa filamu. Wote mnapiga makofi. Mimi nabaki nikijiuliza: na ile miaka ya katikati imeenda wapi?

Chukua Higgins. Mwaka 1960, Frank Inn, mkufunzi wa wanyama wa filamu, alimtoa kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe kule Burbank, California. Mtaani kwetu angeitwa mbwa koko na kufukuzwa kwa mawe. Akapigishwa mazoezi: kupiga miayo akiambiwa, kupiga chafya akiambiwa. Jaribu hiyo na mbwa wako uone. Alikaa miaka kadhaa kwenye kipindi cha televisheni cha Petticoat Junction, na humo mhusika wake hakuwa hata na jina.

Filamu iliyompa jina, Benji, ilitoka mwaka 1974. Higgins alikuwa mzee tayari. Kampuni kubwa za Hollywood ziliikataa, hadi mwongozaji Joe Camp akaunda kampuni yake na kuisambaza mwenyewe. Watu wakajaa kwenye majumba ya sinema. Mwaka uliofuata, 1975, Higgins akafa.

Sasa piga hesabu. Miaka 14 kutoka kituoni hadi Benji, mwaka mmoja tu baada yake.

Mbona naumia na hadithi ya mbwa? Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwama. Tangu hapo nimepewa hadithi mbili tu. Shangazi anasema nimepotea. Maboi wa mtaa wanasema, "Tulia, matajiri wengi waliacha shule." Shangazi ananizika mapema, maboi wananivika taji mapema. Hakuna anayeuliza leo nimeandika nini, au bando la kutuma kazi nimelitoa wapi. Na huko ndiko ninakoishi.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaotengeneza dokumentari hizi za familia: msituonyeshe tu kituo cha mbwa halafu zulia jekundu. Tuonyesheni chafya ya mara ya mia iliyokataa kutoka. Tuonyesheni Inn akirudi kesho yake kujaribu tena, maana Higgins hakujifundisha peke yake.

Na wewe unayesoma hii kwa simu: ukimtazamia mdogo wako filamu ya Benji wikendi hii, atakuambia huyo mbwa alibahatika. Ni kweli, aliokotwa. Lakini mwambie pia hiyo namba: 14. Halafu mpigie yule binamu yenu aliyeacha shule, umuulize anaendeleaje na kazi, bila kumpa mawaidha.