Nyimbo za Butembo na Beni zisiitwe tena «Artiste inconnu»

Katika vibanda vya Butembo na Beni, pale vijana wanapojaza nyimbo kwenye simu za wateja, kuna msanii mmoja anayependwa kuliko wote. Anaimba Kinande, Kiswahili na Lingala. Anapiga gitaa, mara nyingine anaimba na kwaya nyuma yake. Jina lake linaonekana kwenye kioo cha simu: «Artiste inconnu». Chini yake, badala ya jina la wimbo, simu inaandika Piste 04 au Piste 11.

Watu wanacheka wakiona hivyo, lakini jambo lenyewe ni zito. Nyuma ya maandishi hayo kuna mtu aliyetunga, akalipa saa za studio, akakopa gitaa kwa rafiki, akabembeleza fundi amalizie kazi kabla umeme haujakatika. Wimbo unatoka, unafika Kasindi na Lubero, unapigwa kwenye matanga na kwenye harusi. Yeye anabaki nyumbani akiusikia wimbo wake ukipita juu ya pikipiki.

Waimbaji wa gitaa wa Butembo na Beni wanahitaji kutoa albamu nzima, zenye majina yao, mwaka na mahali. Wimbo mmoja mmoja unaorushwa hewani na kusahauliwa hautoshi. Na wasikilizaji, pamoja na familia zilizokimbia vita, wana sehemu yao katika kazi hiyo.

Muziki unaozungumzwa hapa si ule wa orkestra kubwa. Ni ule wa mtu mmoja na gitaa lisilo na umeme, ambao Wakenya wanauita gitaa kavu. Congo ina jina kubwa katika muziki huo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta kijana Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akarekodi wimbo wake «Masanga». Kidole gumba kilipiga besi, cha shahada kikapiga sauti ya juu, na msikilizaji aliweza kufikiri kwamba wapigaji ni wawili. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani kwenye tamasha la Newport. Hata leo wapigaji gitaa wa Ulaya wanakaa chini kujifunza vidole vyake.

Kilichomsaidia, mbali na ufundi, ni jina. Waimbaji wa Katanga wa wakati huo walikuwa na desturi ya kujitaja ndani ya wimbo wenyewe. Sahani ikipotea karatasi yake, sauti bado inasema ni nani anayeimba.

Katika safari hiyo hiyo ya 1952 Tracey alifika pia kaskazini-mashariki, pembeni ya msitu wa Ituri. Alirekodi Wabudu, Wabira, Wambuti, na Wanande pia. Sauti hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, na miaka mingi baadaye kampuni ndogo ya Uholanzi, SWP Records, ikazitoa kwa CD. Ni vizuri kwamba zipo. Lakini ni wazee wangapi wa Beni wamewahi kusikia kwamba nyimbo za enzi ya wazazi wao zimetunzwa Makhanda, mji ulioitwa zamani Grahamstown, na kuuzwa kutoka Utrecht? Mtu wa mbali akija kurekodi, na jalada huandikwa mbali.

Miaka kumi na moja kabla ya hapo, mwaka 1941, jambo kama hilo lilitokea Mississippi, katika nchi ya blues. Mtafiti Alan Lomax alimrekodi mfanyakazi wa shamba aliyeitwa McKinley Morganfield, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Muddy Waters. Lomax alimtumia nakala mbili za sahani na dola 20. Kijana alijisikia mwenyewe kwenye sahani, akaona kwamba anaweza. Mwaka 1943 akapanda treni kwenda Chicago. Blues ile ilizungumza habari ambazo mtu wa Kivu hahitaji kufafanuliwa: barabara, deni, mavuno ya mwenye shamba, nyumba iliyoachwa nyuma. Hakuna aliyewapa waimbaji wake orodha ya mambo ya kuimba.

Hapo ndipo shida ya miaka hii inapoonekana. Tangu mauaji yalipoanza Beni mnamo Oktoba 2014, na hasa wakati wa Ebola, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, kazi ya kulipwa kwa mwimbaji imekuwa wimbo wa kuhamasisha. Oshea mikono. Kubali chanjo. Pigeni kura. Tuishi kwa amani. Nyimbo hizo zilikuwa na kazi yake, na hakuna sababu ya kumlaumu kijana aliyepokea pesa ya shirika akalipia watoto shule. Lakini maneno yalitoka ofisini. Mwenye pesa alitaka ujumbe wa dakika tatu, na jina lake likasikika mwishoni kuliko la mwimbaji. Aliyemzika mama yake kwa mikono ya watu waliovaa mavazi meupe, bila kumgusa, alikuwa na wimbo mwingine moyoni. Huo haukulipiwa na mtu.

Albamu inatoa nafasi kwa wimbo huo. Nyimbo nane au kumi zinaweza kubeba mambo yasiyokaa pamoja: kilio, mzaha juu ya shemeji mlevi, shamba la kakao ambalo mwenyewe hathubutu tena kulivuna, sifa kwa mke, swali kwa Mungu. Anayesikiliza yote anamjua mtu, na si ujumbe tu. Familia zilizotoka Eringeti, Oicha na Mbau, na zile zilizopanda Lubero na Butembo baada ya Kanyabayonga kuanguka mwishoni mwa Juni 2024, zimeshaandikwa kwenye orodha nyingi: idadi ya watu, idadi ya watoto, mahema, mifuko ya unga. Katika wimbo, kijiji kinatajwa kwa jina lake, pamoja na mto na mti wake wa mkutano. Mtoto aliyezaliwa kwa familia iliyowapokea, ambaye hajawahi kuona nyumba ya babu yake, atakijua kijiji hicho kwa njia hiyo kwanza.

Wapo watakaouliza: nani atanunua albamu wakati watu wanatafuta chakula cha jioni? Swali ni la haki. Familia iliyokimbia haina pesa ya CD, na CD zenyewe hazina tena mahali pa kuchezewa. Basi isinunue. Nyimbo zitaendelea kunakiliwa kutoka simu hadi simu, na atakayetaka kuzuia hilo atachoka bure. Kunakili kunamnyima mwimbaji pesa kidogo. Kumfuta jina kunamnyima harusi ya Jumamosi, mwaliko wa Kasese, na mtu wa Goma au Kampala ambaye angemtafuta. Sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake, na tangu 2011 kuna SOCODA, shirika la kusimamia haki hizo. Lakini jina halihitaji wakili. Kijana wa kibanda anaweza kuliandika kwenye faili kabla ya kulituma. Mtangazaji anaweza kulitamka kabla ya wimbo na baada yake, badala ya kuukata katikati kwa tangazo la sabuni.

Gharama pia si ile inayoogopwa. Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu, alipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1993, ilikuwa na gitaa, sauti laini na ukimya mwingi. Haikuhitaji wapiga tarumbeta sita. Ni kweli kwamba alipitia Kinshasa na Abidjan, akafika Paris kabla ya kuitoa, na safari hiyo si ya kila mtu. Leo chumba kimoja chenye magodoro ukutani, kipaza sauti kizuri, kompyuta na betri ya sola vinatosha kwa gitaa na sauti. Hata soko liko karibu kuliko inavyodhaniwa: Wakonzo wa Uganda, ng'ambo ya Kasindi, wanaelewa Kinande. Wimbo unaoeleweka Butembo unaeleweka Bwera bila mkalimani.

Kuna la kuwaambia waimbaji wenyewe pia. Wengi wanamwachia fundi wa studio aweke ngoma ya kompyuta juu ya kila kitu, mpaka gitaa linazama na Kinande chenyewe hakisikiki vizuri. Wanaogopa kuonekana washamba. Mwenda alirekodiwa na gitaa tupu, na miaka zaidi ya 70 baadaye kila kidole chake bado kinasikika.

Kwa familia zilizokimbia, kazi inaweza kuanza bila studio. Katika nyumba nyingi zilizopokea wageni wa vita kuna mzee anayejua nyimbo za filimbi za eluma, au mama anayejua zile za kubembeleza mtoto za kijijini kwake. Simu ya mjukuu inatosha, jioni, jenereta za jirani zikinyamaza. Kabla ya kuimba, aseme jina lake, kijiji alichotoka na mwaka.